Nyayo Kwenye Majivu

Leo asubuhi mjukuu wangu amemwaga majivu ya mabua ya alizeti mlangoni, na harufu yake ikanirudisha kwa mama. Mama alikuwa halali chali. Alikesha ameegemea ukuta, akihema kama aliyepanda mlima na ndoo kichwani. "Nikijilaza tu, ananikalia kifuani," alituambia.

Baba akasema huyo ni mchawi, akanyunyiza majivu kuzunguka kitanda ili tumjue. Kulipokucha tukazikuta nyayo pana, nene, vidole vimebanana. Baba akatupima miguu watoto wote. "Huyu si wa hapa," akasema. Mama hakupimwa, maana miguu yake sote tuliijua ni myembamba. Tulimwinda mchawi huyo mpaka tukamzika mama.

Juzi muuguzi wa zahanati alinibonyeza mguu uliovimba, kishimo kikabaki. "Bibi, unalalia mito mingapi?"

"Mitatu. Nikiishusha nakosa pumzi."

"Moyo huo, bibi. Nenda hospitali, usichelewe."

Nikamjibu tuvune alizeti kwanza.

Sasa nimevuka mlango, nikageuka kutazama majivu. Nyayo zile ziko pale, pana, nene, vidole vimebanana, na aliyepita ni mimi peke yangu.

"Mjukuu wangu, niletee kanga. Alizeti itangoja."