Chai ya Kilomita ya Nane

Kwa miaka miwili nilifanya kazi ya bure kwa bidii ambayo wengine hawaifanyi hata kwa mshahara. Mbio za barabarani Ruiru, mashindano ya baiskeli Thika, ligi za mitaani: popote palipohitajika mtu wa kuvaa fulana kubwa kuliko mwili na kuwaelekeza wageni choo kilipo, nilikuwepo. Mama yangu, ninayeishi naye Kamenu, aliiita shughuli hiyo ugonjwa.

Julai hiyo alichoka kungoja nipone. Mjomba ana duka la vifaa vya ujenzi Kalimoni, na wawili hao walikubaliana bila kuniuliza kwamba Jumatatu nitaanza kuuza misumari. Tumaini langu lilikuwa moja. Mkurugenzi wa mbio za Ruiru, mwanamke mkali asiyecheka hata akitekenywa, alikuwa ametuambia sisi wa kujitolea kwamba baada ya mbio za Jumamosi angemwajiri mmoja wetu. Mama akasema sawa, Jumamosi ni yangu, lakini Jumatatu ni ya mjomba.

Nilipewa meza ya maji ya kilomita ya nane, karibu na Membley, na vijana sita wa kunisaidia. Ijumaa jioni wanne walituma ujumbe kwamba hawaji, na wawili hawakujisumbua hata kutuma. Nilizunguka nyumba nikinung'unika hadi mama akaniuliza nina nini. Nilipomweleza, alishika simu akampigia mwenzake mmoja wa kikundi cha akina mama kanisani. Simu nyingine zote zilijipiga zenyewe.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi akina mama saba walikuwa mezani pangu, vitambaa kichwani, masweta mawili mawili. Niliwaonyesha vikombe vya karatasi na katoni za maji, nikakimbia kwenye kona kupanga vizuizi. Sikuwaambia maji yabaki yalivyo. Sikujua kwamba hilo ni jambo la kuambiwa mtu. Lakini kwetu nani humpa mgeni maji baridi mwezi wa Julai? Niliporudi, majiko mawili ya gesi yalikuwa yanawaka, moja lina sufuria ya maji, lingine chai ya maziwa, na viti vya plastiki vya kanisa vimepangwa kando ya barabara kana kwamba tunangojea wakwe.

"Watu wanakimbia na hii baridi na unataka kuwapa maji ya chupa?" mama akaniuliza. "Unataka wakufe na nimonia?"

Kabla sijajibu, wa kwanza akafika. Alinyakua kikombe akajimwagia kichwani, kama wanavyofanya wote, kisha akageuka akatutazama huku miguu ikiendelea, maji ya uvuguvugu yakimtiririka masikioni. Nilizivamia katoni nikaanza kufungua chupa kwa mikono na meno, lakini walioongoza walikuwa wameshapita, na nyuso zao zilisema yote.

Halafu wakaja wa nyuma. Wenye vitambi, wenye viatu vipya vinavyowabana, bwana mmoja anayechechemea, dada mmoja anayelia waziwazi kwamba hapo ndipo mwisho wake. Walikaribishwa viti. Walipewa chai. Sikumwona hata mmoja aliyekataa.

Mkurugenzi alifika kwa bodaboda, kwani wa mbele walikuwa wameshalalamika. Alikuta wakimbiaji kumi na tisa wamekaa, vikombe mkononi, mmoja wao akiombewa goti. Mimi niliona misumari tu, misumari ya kila inchi. Aliuliza meza ni ya nani. Nikainua mkono. Alipofungua mdomo aniseme, mama alimshikisha kikombe na kumwambia anywe kwanza, na mtu hawezi kugomba na kunywa kwa wakati mmoja.

Nikapiga makofi nikatangaza kwamba atakayebaki kitini ataosha sufuria. Wote kumi na tisa wakainuka. Akina mama nao wakainuka, wakawashika mikono, tukateremka barabara sote tukiimba, mimi nimebeba viatu vya dada wa machozi, naye anatembea na soksi na kucheka. Furaha ilinipanda kichwani hata nikasahau kuogopa. Gari la kuwabeba walioshindwa lilitufuata taratibu hadi mwisho, na lilipofika, mkurugenzi alichungulia ndani yake mara mbili. Lilikuwa tupu.

Jumapili baada ya ibada mkurugenzi alinipigia. Alisema ameandaa mbio miaka mingi na hajawahi kuliona gari hilo likirudi bila mtu. Niripoti ofisini Ruiru kesho yake asubuhi, na siku nyingine maji yawe baridi. Niliruka ruka uani hadi kuku wakatawanyika, nikambeba mama mzima mzima, naye akinipiga mgongoni nimshushe.

Alipotua alimpigia mjomba, kumwambia asinitarajie. Nilimsikia mjomba akiuliza hiyo ya kukimbiza watu ni kazi gani. Mama akanitazama.

"Ni ya kungoja wale wa nyuma," akasema. "Wanafikanga."