Kigemu cha Jumamosi

Mdogo wangu ni fundi wa makochi. Yeye hupiga mbao, hufunga mikanda na kupanga sponji. Mimi hushona vitambaa vya kuyavalisha. Karakana yetu ni chumba kimoja chenye mlango wa bati, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, redio naishika mimi. Watu humwita Mpole. Mimi simwiti hivyo. Mtu anayefumua kochi zima kwa sababu mteja amebadili mawazo kuhusu vifungo hana upole huyo, ana kasoro.

Siku alipoachana na mkewe hapakuwa na kelele wala chombo kilichovunjika. Wifi yangu alisema amechoka, naye akambebea masanduku mpaka kwenye gari. Nilitamani nimzabe kofi huyo mdogo wangu. Mtoto wao, msichana, alikuwa hajajua hata kufunga kamba za viatu. Wakakubaliana aishi na mama yake, na kila Jumamosi ashinde kwa baba.

Sasa mtoto atafanya nini karakanani kutwa nzima? Wiki za mwanzo alikaa juu ya marobota ya sponji, kanuna, anauliza mama atakuja lini. Ndipo mdogo wangu akaenda sokoni, akarudi na kigemu cha mkononi, vile vya zamani vilivyorudi tena madukani, vyenye michezo iliyojazwa humohumo ndani. Boksi lilijigamba kuwa kina michezo mia nne. Uongo mtupu. Mingi ilikuwa ileile, imebadilishwa rangi na kupewa jina jipya: matofali yanayoanguka, nyoka anayejing'ata mkia, vifaru, mbio za magari. Kilikuja na kidude cha pili chenye waya, ili wacheze watu wawili. Waya wenyewe mfupi, kioo chenyewe kidogo, kwa hiyo mkicheza wawili lazima vichwa vigusane. Nadhani hicho ndicho alichokuwa ananunua.

Wakachagua mbio za magari. Kazi ikisimama walikaa kwenye kochi lolote ambalo mwenyewe hajaja kulichukua, na kelele zao zikaizidi redio yangu. Mtoto alishinda kila mara, na kila mara baba yake aliruka na kushika kichwa: "Aa! Wewe mtoto, umenifanyia nini?" Mimi, niliyekuwa nimekaa ubavuni mwao kwenye cherehani, niliona mchezo wake. Wakifika kona ya mwisho, kidole gumba chake, kile kinene kilichokomaa kwa kuvuta mikanda, kilikuwa kinainuka kidogo kutoka kwenye kitufe. Gari lake linapungua mwendo, la mtoto linapita.

"Unamwachia," nilimwambia siku moja mtoto alipokwisha kuondoka. "Utamharibu. Atadhani watu wote wanashindwa kirahisi hivyo."

"Hao watu wengine atawajua huko mbele, dada. Mimi nina Jumamosi tu."

Miaka ikaenda. Mtoto akarefuka, magoti yakawa yanamfika kidevuni akikunja miguu kwenye kochi. Alama za vitufe vya kigemu zikafutika, kifuniko cha betri kikapotea, nikakifungia kitambaa nilichoshona mwenyewe. Alikuwa na simu yake yenye michezo ya maana kuliko ile, lakini akifika kwetu aliitia kwenye mkoba na kuchukua kile kidude cha waya.

Kisha wifi akaolewa tena, na mume mpya akapata kazi mji wa mbali, safari ya kutwa nzima. Wifi alikuja mwenyewe karakanani kutuambia, nampa haki yake.

"Ameshakua," alimwambia mdogo wangu. "Nimemwambia achague mwenyewe, aje na mimi au abaki na wewe. Jumamosi atakwambia. Ila nakuomba, usimshawishi."

"Sitamshawishi," akasema Mpole wa watu.

Wiki ile alitoa mbao zote kwenye chumba cha nyuma nyumbani kwake, akakipaka rangi. Akatengeneza kitanda chenye kichwa cha sponji kilichobonyezwa vifungo, kazi safi kuliko yoyote aliyowahi kumfanyia mteja. Nilimuuliza kama ameambiwa lolote.

"Bado. Lakini akisema anabaki, atalala wapi?"

Alikuwa anatabasamu huku kashika nyundo. Niliogopa.

Jumamosi mtoto aliingia, akasema, "Shikamoo, shangazi," bila kunitazama. Wakakaa, wakawasha kigemu. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano, nikainua macho kwa sababu karakana ilikuwa kimya mno. Gari la mtoto lilikuwa mbele kabisa. Wakafika kona ya mwisho, nikakiona kidole gumba chake, chembamba, rangi ya kucha imebanduka, kinainuka kutoka kwenye kitufe. Gari la baba likapita.

"Aa, baba, umenifanyia nini?" akasema, akajaribu kucheka.

Mdogo wangu hakuruka. Aliendelea kukitazama kile kidole.

"Umeniachia, eh?"

Mtoto akainamia vitufe. Hapo mdogo wangu akajua, na mimi nikajua. Akaweka kigemu juu ya kochi taratibu. Kabla mtoto hajapata la kusema, akamwambia kwa sauti ile anayotumia kwa wateja:

"Mama yako kanieleza habari za safari. Nenda, mwanangu. Hata mimi nilikuwa natafuta namna ya kukwambia. Jumamosi ndiyo siku yenye wateja, na kazi zimenizidi. Nimekuwa nachelewa sana."

Kazi gani? Karakana nzima ilikuwa na kochi moja, na ndilo walilokalia. Nikafungua mdomo. Akanikata jicho ambalo hajanikata tangu tuzaliwe, nikaufunga. Alitaka mtoto aondoke bila kumwonea huruma, basi akasema uongo wake vizuri kabisa.

"Sawa, baba," mtoto akasema.

Baba yake alimkumbatia, akampigapiga mgongoni, kisha akageukia mbao zake na kuanza kupigilia misumari mahali pasipohitaji msumari.

Nilimsindikiza mtoto mpaka barabarani, mama yake alikokuwa anamngoja garini. Hakulia. Tulipokaribia gari akasimama, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Shangazi, kumbe miaka yote hii nilikuwa namsumbua? Mbona hakuniambia mapema? Ningekuwa siji."

Nikamshika mikono yote miwili. Nikamwambia hapana, mwanangu, hukumsumbua hata siku moja, baba yako alikuwa anaishi kwa ajili ya Jumamosi. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Akasema, "Asante, shangazi," kama unavyomshukuru mtu anayejaribu kukufariji, akaingia garini na kufunga mlango.