Vitambaa vya Viti na Nyanya za Mama

Tarehe tisa Februari mwaka huu tulimzika mama. Nyuma ya nyumba yake hapa Kamere, kando ya ziwa, aliacha nyanya zimechanua, na jua la kiangazi halikuwa na habari ya msiba.

Enzi zetu, majira kama haya, viti vya nyumbani kwetu vilikaa uchi. Mama alikuwa na vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe kwa krosheti. Katika nyumba za wengine, mtoto hakuthubutu kugusa vitambaa kama hivyo. Kwetu, jua likianza kuuma, tulivivua vitini na kuvitandaza juu ya vijiti, nyanya zipate kivuli. Mama alisema krosheti inapitisha hewa, gunia lingezipika. Asubuhi na mapema tulimwagilia shinani, tukafunika udongo kwa nyasi kavu. Hadi leo nasikia ile harufu ya majani ya nyanya viganjani, isiyotoka hata kwa sabuni, tulipokuwa tukila ugali na samaki wa ziwani.

Siku moja jirani yetu, Mama Njeri, alisimama mlangoni akicheka. "Mama Wambui, viti vyako vimeibiwa nguo?"

"Wewe una nguo, kaa," mama akamjibu. "Nyanya hazina."

Sijasoma sana, lakini hilo nalijua: joto likizidi, maua ya nyanya hudondoka, na ua likidondoka hakuna nyanya. Mama alipima joto kwa kubandika kiganja kwenye udongo. Binti yangu hupima kwa simu, akiwa ameketi kivulini. "Mum, leo kuna jua mbaya," huniambia, kisha anabaki hapo hapo.

Tulipotoka makaburini nyumba ilijaa wageni. Viti vyote vilikuwa vimevaa vitambaa, vimefuliwa na kupigwa pasi kwa heshima ya marehemu. Nilipopita nyuma nikaona maua ya manjano yametapakaa chini, na mengine bado yanashikilia. Nikarudi ndani, nikaanza kuvua kitambaa cha kiti kisichokaliwa na mtu.

Anti, mdogo wake mama, akanishika mkono. "Wambui, leo? Watu watasema nini?"

"Wana nguo, anti."

Akaniachilia. Mama Njeri, ambaye siku hizi anatembea kwa mkongojo, akainuka polepole, akavuta kitambaa cha kiti alichokalia, akakikunja vizuri, akanipa.