Mlango wa Nyuma wa Maige

Kwa miaka ishirini na saba Justa alikuwa na mlango wa nyuma. Nyumba yao ya Ilemela imebanwa kati ya mawe mawili makubwa, na mlango ule ulitokea kwenye upenyo wa kupandia juu ya jiwe. Kila masika maji ya mlimani yakishuka, yeye na mumewe Maige walitokea hapo wakakaa juu hadi yapite.

Tangu Maige astaafu kazi ya kiwanda cha mafuta cha Nyakato, redio haikupumzika. Ikataja vita, ikataja makombora ya nyuklia, naye akaanza kujiandaa: madumu ya maji, maharage, mishumaa. Hayo Justa aliyapenda. Lakini Maige alipoleta matofali ya kuziba mlango wa nyuma, ili hewa ya sumu isipenye, Justa alikataa katakata. Alimwambia kombora halijawahi kufika Ilemela, ila maji hayakosi mwaka. Maige akajibu kwamba maji anayajua tangu utoto, hayamtishi. Mazoea yana taabu, na sisi tunaoishi kwenye mawe tunayo mengi. Sikio la kufa halisikii dawa. Akajenga, tena kwa madaha.

Mvua ya Aprili ilikuja saa nne asubuhi. Tope na mawe vikalundikana kwenye mlango wa mbele, ambao hufunguka kwa nje, na haukusogea tena. Madirisha yana nondo. Maji yalipofika kwenye magoti yake mabovu, Justa aliutazama ukuta ulioziba mlango wa nyuma. Alimchukia mumewe dakika nzima, kisha akamshika mkono, maana hapakuwa na mwingine wa kumshika.

Maige alitwanga ukuta kwa mchi wa kinu. Sululu alikuwa ameiacha kwenye jiko la nje.

Jirani yao Ngosha alipita juu ya jiwe, akateremkia kwenye upenyo na nyundo yake. Wakamsikia akigonga upande wa pili, akigonga, kisha akatulia.

"Mzee," aliita, "saruji ulichanganyaje?"

Maige aliinamisha kichwa. "Mfuko mzima kwa ndoo nne tu za mchanga, uwe mgumu kama jiwe."

 Baadaye nyundo ikaanza tena, taratibu. Maji yalikuwa kiunoni. Juu ya kabati redio iliendelea kusimulia makombora ya nchi za mbali. Justa akanyoosha mkono akaizima, wapate kuisikia nyundo.