Wimbo Niliokataa Kuumaliza

Mke wangu alipoondoka na dereva wa lori la Kitwe, mwanzoni nilimwambia mtu mmoja tu: mwimbaji wa bendi yetu. Tulikuwa tumekaa nyuma ya baa kule Mpemba, tunasubiri umeme urudi. Nikamweleza yote, jinsi nilivyofika nyumbani nikakuta kabati tupu, na jirani akaniambia amemwona akipandisha sanduku lake kwenye lori huku akicheka. Mwimbaji akanishika bega.

"Pole sana, kaka," akasema. "Hili litabaki kwangu."

Lilibaki kwake siku nne.

Bendi yetu ilipiga roki, ile tuliyoisikia kwenye redio za ng'ambo na kwenye kaseti zilizoingia Tunduma pamoja na vitenge na sabuni. Tulikuwa wanne: yeye, mpiga solo, mpiga dramu, na mimi kwenye besi. Hatukuwa na nyimbo zilizopangwa kama bendi za dansi. Mpiga solo alianzisha kitu, mimi nikatafuta pa kusimama chini yake, dramu ikaingia, na mwimbaji akatunga maneno papo hapo huku akiwatazama watu waliokuwepo. Kibao kimoja kiliweza kwenda dakika ishirini, na Jumapili iliyofuata kikawa kitu kingine kabisa. Tulikuwa na kanuni moja tu: besi ndiyo inayofunga. Nikishuka kwenye noti ya chini kabisa mara tatu, wote tunakata pamoja.

Kwa sababu hakuna siku iliyofanana na nyingine, mashabiki walitufuata kila mahali. Tukipiga Chapwa, wapo. Tukienda Chitete kwenye ile barabara ya mashimo, wamo nyuma ya lori lililobeba vyombo vyetu, wamejaa vumbi hadi kope. Alikuwepo mwalimu aliyerekodi kila onyesho kwa redio kaseti yake. Walikuwepo wanawake wauza vitenge kutoka Nakonde, na mfugaji mmoja wa bondeni Momba aliyetoka kwake alfajiri kwa baiskeli ili saa nane mchana awe amekaa mbele. Niliwapenda watu wale. Ndiyo maana waliniumiza kuliko mwimbaji mwenyewe.

Jumapili ile, siku ya nne, mwimbaji alinigeukia, akatabasamu, akaanza kuimba habari za mpiga besi ambaye mkewe anamwambia dereva aweke gia, mume yuko mazoezini. Watu walishika matumbo kwa kucheka. Mwalimu alikuwa anarekodi. Nami niliendelea kupiga, kwa kuwa mikono ilikwisha kuzoea kuendelea.

Baadaye nikamvuta kando. "Uliniahidi."

"Sikutaja jina, kaka. Ni sanaa tu. Si umeona walivyofurahi?"

Jumapili iliyofuata waliuomba wenyewe. "Gia! Gia!" walipiga kelele, huku wakizungusha mikono kama wameshika usukani. Ikawa hivyo kila tulipopanda jukwaani, na kila mara aliongeza kitu: kitanda changu, chakula changu, mpaka mambo niliyomwambia siku ile nyuma ya baa nikiwa na machozi. Mimi ndiye niliyeubeba wimbo ule kwa besi. Bila mimi usingesimama.

Kisha mama yangu alishuka kutoka Ileje na gunia la kahawa, akausikia ukiimbwa sokoni. Alikaza kanga yake kiunoni, akapanda gari siku hiyohiyo kurudi milimani. Hapo ndipo nilipoamua.

Nilisubiri. Nikasikia kwamba kuna mtu anakuja kumtazama mwimbaji wetu, mwenye bendi ya hoteli kubwa Mbeya. Siku hiyo mwimbaji alivaa shati jeupe, akatusalimia kama mtu aliyekwisha kuhama. Mgeni alikaa meza ya mbele. Mashabiki wakaanza kudai Gia, na safari hii mimi ndiye niliyempa ishara mpiga solo aanze.

Dakika ishirini zilipopita, mwimbaji alinitazama nifunge. Nikashuka kwenye noti ya chini mara moja, mara mbili, akavuta pumzi ya kumalizia. Ya tatu sikuipiga. Nikapanda tena juu, tukaendelea.

Mpiga dramu, mtu mzima kuliko sisi sote, alinitupia jicho. Naye aliwahi kuimbiwa mambo yake ya jela. Akatabasamu kidogo, akakaza mkono.

Baada ya nusu saa, habari za mke wangu zilimwishia mwimbaji mdomoni. Akaimba malori, akaimba chupa za mezani, akamwimba mbuzi aliyekuwa akipita barabarani. Kisha akaanza kurudia. Mashabiki wetu hawakuwahi kusikia kitu kikirudiwa, wakakijua papo hapo.

"Hilo umeshaimba!" mwalimu akapaza sauti.

Wanawake wa Nakonde wakaanza kupunga mikono, "Awe, awe!", wakikataa kwa Kibemba. Sauti yake ikapasuka kama ya jogoo mchanga, na kicheko kikalipuka. Nilikijua kicheko kile. Nilikuwa nimekibeba miezi minne.

Akanisogelea sikioni. Shati lilikuwa limelowa lote. "Funga, kaka. Nakuomba."

"Waombe wao," nikamwambia. "Si unaona walivyofurahi?"

Tulivuka saa nzima. Mwishowe akafungua kinywa, pakatoka upepo tu. Akaiacha maiki ikaanguka, akashuka jukwaani. Hapo nikazipiga noti zote tatu, na tukakata sisi watatu, safi kuliko tulivyowahi kukata. Mfugaji wa Momba alisimama akapiga makofi.

Mgeni aliondoka na mpiga solo. Bendi ikafa, mashabiki wakatawanyika, na tangu hapo sijapata tena mahali pa kupiga namna ile. Hilo najua nililivunja mwenyewe. Mwalimu alinakili kaseti ya siku ile, ikazunguka pande zote mbili za mpaka.

Sauti ya mwimbaji haikurudi vizuri. Miaka mingi baadaye nilimkuta Chitete, kwenye foleni ya ofisi za wilaya, nilipokwenda kushughulikia kiwanja. Alikuwa amezeeka. Akanisogelea, akanong'ona kwa mikwaruzo, "Nisamehe, kaka. Nilikukosea."

Nilimsikia vizuri kabisa.

"Sikusikii," nikasema. "Sema kwa sauti."

Akajaribu. Mishipa ya shingo ilimtoka, na watu wote wa foleni wakageuka kumtazama. Akakohoa, akajaribu tena. Kisha nikaitwa dirishani, nikaenda.