Jumapili za Mjomba

Mjomba wangu alipima joto la Mbeya miaka kumi na saba. Sisemi alipima Mbeya nzima. Alipima sanduku moja jeupe la miguu minne, lililosimama kwenye majani nyuma ya ofisi ya shamba la pareto, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mjini. Ndani ya sanduku mlikuwa na vipimajoto vitatu, vya digrii za Farenhaiti za wakati ule. Kimoja kilionyesha joto la saa ile unayotazama. Cha pili kilishika joto kubwa la mchana. Cha tatu kilishika baridi kubwa ya usiku: ndani yake mna kijiti chembamba, baridi inakivuta chini, halafu kinabaki palepale hata jua likiwaka, mpaka mtu aje akirudishe. Hicho kijiti nitakirudia.

Kila siku saa tatu asubuhi Mjomba alifungua sanduku, akasoma, akaandika kitabuni. Mimi shule niliacha darasa la nne, baada ya kubishana na mwalimu mpaka tukashikana mashati. Desimali nilijifunza kwenye vitabu vya Mjomba. Baba yangu alifia Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, na Mjomba ndiye aliyekuja kunichukua, akanibeba mgongoni sehemu kubwa ya njia. Kwa hiyo mtu akimgusa yeye amenigusa mimi. Ndivyo nilivyokuwa nikiwa na miaka kumi na tisa, na sijabadilika sana.

Mwaka huo ikaja barua ya serikali. Vitabu vyote vya zamani vipelekwe Iringa, mtaalamu anakuja kuvikagua. Kitabu kitakachoonekana hakiaminiki kitatupwa, na kituo chake kitafungwa. Mjomba aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfuko wa koti.

"Peleka wewe," akaniambia. "Mimi nikienda, nani atasoma sanduku?"

Nikavifunga vitabu kumi na saba kwenye gunia, nikapanda lori. Igawa tulishuka kunywa chai, gunia nikalikalia, sikutaka kuliacha kwenye lori. Iringa nilifika kesho yake, mavumbi mpaka kwenye kope.

Aliyenipokea alikuwa karani wa pale, Mhehe mwenye miwani, mkaaji wa mtaa wa Mlandege, ndiye aliyetunza vitabu vya joto vya Iringa. Mtaalamu mwenyewe alikuwa bado njiani, angefika Ijumaa. Ilikuwa Jumatano.

"Kamwene," akanisalimu kwa Kihehe. "Mbona umevaa makoti mawili? Nasikia Mbeya kuna baridi, kumbe mnaiogopa?"

"Moja ni la kulalia," nikamwambia. "Na baridi yenu hii kwetu ni joto la kuanikia mahindi."

"Tutaona. Vitabu ndivyo vitasema."

Akatandaza vitabu vyangu upande mmoja wa meza na vyake upande wa pili. Nikamuuliza yote haya ni ya nini. Akasema kuna watu wa elimu hii wanaotaka kujua kama dunia nzima inaongezeka joto mwaka hadi mwaka au la, na shida yao ni kwamba waliopima zamani ni wachache. Ulaya wako wengi. Huku kwetu unawahesabu kwa vidole. Baharini wanategemea mabaharia waliovuta maji kwa ndoo, wakatumbukiza kipimajoto.

"Kwa ndoo?"

"Kwa ndoo."

"Na sisi mnatudai desimali!"

Akacheka. Nikamwambia basi Iringa na Mbeya hazifanani, utalinganishaje? Akaniambia nifikirie watoto wawili, mmoja mrefu, mmoja mfupi. "Siulizi nani mrefu. Nauliza kila mmoja mwaka huu amezidi kimo chake mwenyewe kwa kiasi gani. Mbeya naipima kwa kawaida ya Mbeya, Iringa kwa kawaida ya Iringa. Halafu natazama. Sisi ni majirani. Mwezi ukiwa wa baridi kuliko kawaida huku, na kwenu huwa hivyohivyo. Jirani mmoja akiruka peke yake, hapo sitazami mbingu, natazama sanduku."

Nilipenda maneno hayo. Mpaka leo nayasema kwa watu, nao hunikimbia.

Alhamisi asubuhi alinikuta nje naota jua. Hakusalimu.

"Ndugu yangu, njoo uone kitu."

Alikuwa amechukua kitabu kimoja cha miaka ya karibuni, ameweka alama ya penseli pembeni ya mistari. Joto la saa tatu lilikuwa linakwenda vizuri, siku sita. Ya saba linapanda. Siku sita chini, ya saba juu. Ukurasa baada ya ukurasa.

"Jumapili," akasema. "Kila Jumapili Mbeya kunakuwa na joto. Mungu anawapenda hivyo?"

"Unataka kusema nini?"

"Nauliza tu. Iringa hakuna kitu kama hicho."

"Unamwita mjomba wangu mwongo!"

"Sijasema."

"Umesema na hiyo miwani yako!" Nikasimama, kiti kikaanguka nyuma. Karani hakujitikisa. Akaondoa miwani, akaiweka mbali na mimi, polepole, kama mtu aliyekwisha kuvunjiwa mingine.

"Jumapili nani husoma?" akauliza.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilijua jibu. Mjomba alikuwa mzee wa kanisa, ndiye aliyegonga kengele na kuanzisha nyimbo. Jumapili alitoka nyumbani alfajiri, ibada ikaisha saa tano, ndipo alipopita kwenye sanduku. Nilikuwa natembea naye siku zote, na namba ile ya saa tano na nusu nilimwona akiiandika kwenye safu ya saa tatu. Lakini mtu wa Iringa ananiuliza habari za mjomba wangu. Nikasema:

"Mimi ndiye ninayesoma. Saa tatu kamili, bila kukosa."

Karani akavaa miwani. Sura yake ilibadilika, na haikuwa sura ya mtu aliyeshinda.

"Afadhali ungeniambia mlichelewa," akasema. "Mtu akichelewa, najua kosa lake ni nini. Kama mlisoma saa tatu kamili, joto hili halikuwepo. Ni la kutunga. Na anayetunga Jumapili, Jumatatu nitamwaminije? Kesho nitamwambia mtaalamu avitupe vyote kumi na saba."

"Vyote?"

"Vyote. Na mjomba wako atarudi kupalilia pareto."

Nikatoka nje. Nilizunguka soko la Iringa, nikagombana na muuza ndizi ambaye hakunikosea. Nikarudi. Karani alikuwa anakula kande mezani, amevisogeza vitabu pembeni visichafuke. Nikamwambia nimesema uongo. Nikamweleza kanisa, kengele, saa tano na nusu.

"Kwa nini hakuacha nafasi wazi?"

Hilo pia nilikuwa nalijua. Mwaka wa kwanza wa kazi Mjomba aliugua homa, akaacha siku mbili bila kuandika. Mkaguzi wa wakati ule akamfokea mbele ya vibarua wote: kitabu cha serikali hakiachwi wazi! Mjomba hakusahau. Angeacha kula kabla ya kuacha nafasi wazi.

Karani alitafuna, akafikiri.

"Uzee wa kanisa aliupata lini?"

"Mwaka kanisa letu lilipoezekwa bati." Nikahesabu kwa vidole, nikamtajia mwaka.

Akakifungua kitabu cha mwaka uliotangulia. Jumapili zake zilikuwa kama siku nyingine. Akafungua cha mwaka wa bati. Mwanzoni kimya, halafu katikati ya mwaka siku ya saba ikaanza kupanda, na haikushuka tena. Wote wawili tulibaki tunaukodolea macho ule ukurasa. Ilikuwa kama kumwona Mjomba mwenyewe akipita na kengele mkononi.

"Sasa kijiti," akasema.

Akapitia safu ya baridi ya usiku, Jumapili tupu, akailinganisha na ya Iringa. Kijiti hakijui ibada. Kilishuka alfajiri, kikamsubiri Mjomba amalize nyimbo zake. Namba zake Jumapili zilikuwa safi, zikipanda na kushuka pamoja na Iringa kama majirani. Hakuna mtu angeweza kuzitunga, maana Mjomba hakupata kuviona vitabu vya Iringa maisha yake.

"Huyu mzee hakutunga hata moja," karani akasema. "Alichelewa tu. Kesho utayasema haya mwenyewe. Na ule uongo wako uuseme pia, usiniachie mimi."

Ijumaa nikayasema, mbele ya mtaalamu, Mzungu mrefu aliyekuwa na mafua. Aliuliza maswali machache, karani akatafsiri. Mwisho akaandika karatasi moja, akaibandika mwanzoni mwa kitabu cha mwaka wa bati: kuanzia hapa, joto la saa tatu la Jumapili lisihesabiwe. Mengine yote yahesabiwe. Na kwa huku mbele, siku isiyosomwa kwa saa yake iachwe wazi.

Wakati wa kufunga gunia, karani alipiga hesabu yake ya mwisho. Ukitoa zile Jumapili, asubuhi za Mbeya zilikuwa na baridi zaidi kidogo kuliko tulivyodhani.

"Nilikwambia," nikasema.

"Nenda zako," akasema, akanipa nusu ya kande yake kwenye jani.

Mjomba nilimkuta anapaka sanduku chokaa. Nikamweleza yote, hakugeuka.

"Umewaambia habari za kanisa?"

"Nimewaambia."

"Mbele ya Mzungu?"

"Mbele ya Mzungu, na mbele ya karani. Mhehe wa Iringa. Yeye ndiye aliyegundua."

"Mhehe," akasema. Akaendelea kupaka upande uliokwisha kupakwa.

Nikamwambia Jumapili nitasoma mimi, yeye aende kanisani. Akasema hapana, kati yetu wawili mwenye kuhitaji kanisa zaidi anajulikana.

Jumapili iliyofuata ibada iliisha, tukapita kwenye sanduku pamoja. Akasoma kijiti, akaandika, akakirudisha. Akasoma cha joto kubwa, akaandika. Kisha akafika kwenye safu ya saa tatu. Kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu, mpaka nikataka kumnyang'anya. Akaifunika kalamu, akafunga kitabu. Halafu akainama tena, akatazama kile kipimajoto cha kwanza, kama alivyofanya kila Jumapili.

"Sitini na nane," akaniambia. "Hiyo ni yako. Siyo ya kitabu."