Kifaru Ndani ya Pakiti

Juma lililopita nilisimama ndani ya supamaketi moja hapa Voi nikimsubiri binti yangu achague kidoli. Kidoli chenyewe hukioni, ndugu yangu. Kimefungiwa ndani ya pakiti isiyopenyeka kwa jicho, na nyuma zimechapwa picha za wenzake wote, bahati yako utaijulia nyumbani. Binti yangu ana miaka tisa. Aliinua pakiti moja, akaipapasa pembeni polepole, akafumba macho. "Mama, huyu ana mabawa," akaninong'oneza. Niligeuka nikajifanya natafuta sabuni, maana machozi yalikuwa yamenijaa.

Nilipokuwa na umri wake tulikaa kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, nyuma ya stesheni ya zamani. Vumbi jekundu liliingia hadi kwenye sukari. Jirani yetu alikuwa na duka, na humo aliuza vitafunio vya mahindi, vile vyepesi vinavyoyeyuka ulimini na kukuachia vidole vya rangi ya machungwa. Ndani ya kila pakiti mlikuwa na mnyama mmoja wa plastiki. Twiga walijaa tele, fisi pia. Kifaru hakuna mtoto aliyewahi kumpata. Tulijaribu kumtafuta kwa kuminya pakiti, lakini mwenye duka alikuwa na sheria yake: "Ukiminya, umenunua." Wengi wetu tulirudi nyumbani na unga wa vitafunio na fisi wa nne.

Nyanya yangu, mama yake mama, aliishi juu mlimani Mbololo. Siku za soko aliteremka na ndizi na parachichi, akimaliza kuuza anapitia kwetu. Siku moja nilimvuta mkono hadi dukani nikamweleza shida yangu. Hakuminya. Aliilaza pakiti kiganjani, akaiinamisha kidogo mpaka kile kitu kikateleza kwenye kona, halafu akapitisha kidole kimoja juu yake, taratibu kama anayempangusa mtoto uso. Akairudisha. Akachukua nyingine. Kwenye ya tano akatulia.

"Huyu ana pembe puani," akasema.

Niliifungulia palepale mlangoni. Kifaru! Mwenye duka mwenyewe alitoka nje kumtazama. Tangu hapo watoto wa ploti nzima walimngoja nyanya yangu siku ya soko kuliko walivyongoja sikukuu, nami nikatembea kifua mbele.

Likizo ya Agosti nilipanda Mbololo kukaa naye. Asubuhi kule kulikuwa na baridi na harufu ya moshi wa kuni, na kila jioni tulipika kimanga, akiponda maharagwe na mihogo kwa mwiko mzito mpaka jasho limtoke. Asubuhi moja alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Vidole vyake vilikuwa vikitupa mawe na punje mbovu, lakini uso alikuwa ameuelekeza mlangoni. Kwa mchezo tu, nikamweka kifaru wangu katikati ya maharagwe, chini ya pua yake kabisa. Hakushtuka. Aliendelea kuchambua mpaka kidole kikamgonga.

"Umeniletea mnyama wako kwenye chakula," akacheka.

"Nyanya, huyu ni wa rangi gani?"

Akampapasa mgongoni. "Kijivu. Vifaru wote ni wa kijivu."

Kifaru wangu alikuwa wa kijani, kijani cha kupiga kelele, kama jani la mgomba baada ya mvua.

Sikusema neno, lakini alinisikia nilivyonyamaza. Alinishika mkono. "Usimwambie mama yako. Akijua atanishusha Voi, na nikishuka sitapanda tena. Nitakufa nikisikiliza treni." Nikaahidi.

Nikawa macho yake. Nilimtangulia njiani nikiimba ili anifuate, nikamtungia uzi kwenye sindano, jirani akija nilimwita kwa sauti ili nyanya ajue ni nani. Nilijiona mtu mzima. Lakini siku mbili kabla ya shule kufunguliwa alikwenda kijitoni peke yake nikiwa ningali nimelala. Alikanyaga hewa pale ukingo ulipokatika. Nilimkuta ameketi majini, mguu umevimba, mtungi umepasuka, naye anatabasamu ili nisilie.

Mama alifika mchana huo, ameitwa na jirani. Nyanya akamwambia ameteleza kwenye tope. Mvua ilikuwa haijanyesha mwezi mzima. Mama akanitazama mimi.

"Mama," nikasema, "nyanya haoni."

Nyanya alikuwa ameketi pale pale kwenye benchi. Hakugeuka. Njia nzima hadi Voi hakunisemesha, na mimi sijawahi kubeba kitu kizito kama kimya kile.

Daktari alimmulika macho akasema ni mtoto wa jicho. "Nimezaa saba," nyanya akamjibu, "huyu wa jicho mbona sikumjua?" Wauguzi walicheka, mama akacheka, mimi nikabaki nimeinamisha kichwa. Alipasuliwa jicho la kulia. Kesho yake walipombandua bendeji nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, kifaru kwenye ngumi. Alitazama dirisha. Akamtazama mama. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu.

"Umeng'oka jino," akasema.

Nikafungua kiganja. Akamchukua yule mnyama, akamgeuza huku na huku kwenye mwanga. "Kumbe ni wa kijani! Wewe mtoto, ulinitega." Akanivuta kifuani pake, na hapo ndipo nilipolia kilio changu chote cha Agosti.

Alirudi Mbololo kabla ya mavuno. Dukani hakuwa na faida tena. Tangu aanze kuona, alitaka kuchungulia pakiti badala ya kuzipapasa, akawa anapata fisi kama sisi. Watoto walimsikitikia. Yeye hakujali hata kidogo.

Duka lile sasa halipo. Mwenye duka alihamia kwao magharibi, na nyumba za reli zimebaki kuta. Nyanya aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila nilipomtembelea, nikiwa bado chini kabisa kwenye kona ya mwisho ya njia, nilisikia jina langu likiitwa kutoka juu, kwa sauti ya mtu anayejisifu: amenitambua kwa umbali ule, kwa jicho moja. Nilikuwa nikikasirika kidogo, kwa sababu sikuwahi kumshtukiza hata mara moja.

Siku hizi nikipanda Mbololo ninafika hadi mlangoni, na hakuna aliyeniona nikija.